Kadi ya Mtandao na Leseni ya Programu: Kwa Nini Kompyuta Iliyoundwa kwa Mkono Hukataliwa

Tuseme shule moja ya sekondari imemwagiza fundi aiunganishie kompyuta sita. Vipuri vimenunuliwa kimoja kimoja, kwa kuwa njia hiyo huokoa fedha: visanduku, prosesa, kumbukumbu, diski na mbao mama. Dukani zilibaki mbao mama tano tu za aina iliyochaguliwa, hivyo wa sita ukawa wa toleo jipya zaidi, na muuzaji akaapa kwamba huo ni bora kuliko zile nyingine. Fundi alifanya kazi siku mbili. Kompyuta tano zilipokea Windows na leseni zake bila ubishi. Ya sita iliwaka, ikaonyesha picha nzuri, kisha ikaandika kwamba programu yake haijaidhinishwa.

Ufunguo wa leseni, zile herufi na tarakimu 25, ulipigwa upya mara tatu. Ulisomwa kwa sauti, herufi moja moja, mwalimu akiwa na karatasi na mwanafunzi akiwa kwenye kibodi. Jibu likawa lile lile. Mwalimu akaanza kushuku kwamba ameuziwa ufunguo bandia. Fundi akashauri diski ifutwe na kazi yote ianzwe upya. Mwanafunzi mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema anamjua mtu mwenye nakala isiyodai leseni. Hapa ndipo fedha za shule huanza kupotea: ufunguo wa pili hununuliwa ilhali wa kwanza ni mzima, au nakala ya wizi huingizwa pamoja na virusi vilivyofichwa ndani yake.

Katika kisa hiki hakuna aliyeitazama kadi ya mtandao. Ni jambo la kueleweka, maana ujumbe uliokuwa kwenye kioo ulitaja leseni, wala haukutaja waya wala kadi. Lakini kadi hiyo ina kazi mbili katika uidhinishaji wa programu. Kwanza, ni njia ambayo ombi hupita kwenda kwa mtengenezaji. Pili, ni shahidi anayeieleza programu kwamba kompyuta hii ndiyo ile ile ya jana. Na nyuma ya kazi zote mbili yupo mkalimani mmoja, yaani draiva.

Leseni inayojua nyumba yake

Zamani ushahidi wa ununuzi ulikuwa namba iliyochapwa kwenye kasha. Aliyeijua namba hiyo aliweza kuingiza programu kwenye kompyuta kumi au mia, na mwenye mali asijue. Mwaka 2001 kampuni ya Microsoft, kwa Office XP na baadaye Windows XP iliyotoka Oktoba mwaka huo, ilieneza utaratibu mwingine kwa wateja wa kawaida. Kompyuta ilitakiwa kujikagua, ikokotoe namba fupi kutokana na vipuri vyake, kisha iitume namba hiyo pamoja na ufunguo hadi kwenye seva ya kampuni. Seva ikiridhika, ilirudisha kibali. Asiyefanya hivyo alipewa siku 30, kisha akafungiwa nje.

Watu wengi waliingiwa na hofu kwamba kompyuta zao zilikuwa zikipelelezwa. Julai 2001, kampuni ndogo ya Ujerumani iitwayo Fully Licensed ilichambua namba ile na kuchapisha ilichokiona. Vipuri na sifa zilizohesabiwa zilikuwa kumi, zikiwemo diski, kadi ya picha, prosesa, kiasi cha kumbukumbu, na anwani ya kadi ya mtandao. Anwani yenyewe haikutumwa nzima. Ilisagwa kwa hesabu hadi ikabaki biti 10 tu, yaani thamani zisizozidi 1,024. Kutokana na unga huo hakuna awezaye kuirudisha anwani ya awali, kama vile mtu hawezi kuusoma mhindi katika unga wa sembe. Lakini kadi ikibadilishwa, unga nao aghalabu hubadilika.

Jambo la kupendeza zaidi lilikuwa uzito waliopewa mashahidi hao. Iwapo kadi ya mtandao ilibaki ile ile, mwenye kompyuta aliweza kubadili sifa nyingine hadi tano bila kuulizwa; ilihitajika zibadilike sita ndipo uidhinishaji mpya udaiwe. Iwapo kadi yenyewe ilibadilika, au haikuwapo tangu mwanzo, mabadiliko manne yalitosha. Kadi ya mtandao, basi, ilikuwa shahidi mwenye kuaminiwa kuliko wenzake.

Taratibu za siku hizi zimebadilika. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015 leseni nyingi huhifadhiwa kwenye seva zikiwa zimefungamanishwa na maunzi ya kompyuta, hasa ubao mama, na tangu toleo la Agosti 2016 mtumiaji anaweza kuiambatanisha leseni na akaunti yake ili aidai tena baada ya matengenezo makubwa. Hata hivyo wazo la msingi ni lile lile, na programu nyingi za uhandisi, takwimu na uchoraji zingali zinaitegemea anwani ya kadi ya mtandao moja kwa moja.

Mkalimani asiyekuwapo

Kadi ya mtandao haielewi maneno kama "tuma barua hii". Inazo rejista, yaani visanduku vidogo vya namba, na kila mtengenezaji huvipanga apendavyo. Draiva ni programu inayojua mpangilio wa kadi fulani na kuyageuza maombi ya mfumo endeshi yawe namba za kuwekwa katika visanduku hivyo. Pasipo draiva, kadi ni mzigo tu juu ya ubao, hata kama taa yake inawaka.

Mfumo endeshi humtafutaje mkalimani anayefaa? Kila kifaa kilichounganishwa kwenye njia ya PCI kimebeba namba mbili za biti 16: ya kwanza hutaja mtengenezaji, ya pili hutaja kifaa. Namba hizi huandikwa kwa kizio cha kumi na sita. Realtek ni 10EC. Intel ni 8086, na msomaji anayeijua historia ya kompyuta atatabasamu, maana 8086 ni jina la prosesa iliyotolewa na kampuni hiyo mwaka 1978. Mfumo huzisoma namba hizo, kisha hupekua orodha ya draiva ulizokuja nazo. Zikioana, kazi huanza. Zisipooana, kifaa huorodheshwa kikiwa na alama ya manjano, na mambo huishia hapo.

Hii ndiyo sababu tatizo hili huwapata zaidi wenye kompyuta za kuunganishwa. Kompyuta inayotoka kiwandani ikiwa imekamilika imekwisha kupewa draiva zake zote, na tangu siku za Windows 8, mwaka 2012, aghalabu hata ufunguo wa leseni umeandikwa ndani ya chipu ya ubao mama. Fundi wa mtaani hana karamu hiyo. Hununua ubao uliotoka mwaka huu na kuingiza mfumo kutoka kwenye flashi iliyoandaliwa miaka miwili iliyopita. Ubao ni mdogo kwa umri kuliko orodha inayopaswa kuutambua. Ilitokea hivyo kwa kadi za Intel I225-V zenye kasi ya gigabiti 2.5, zilizoenea kwenye mbao mama kuanzia mwaka 2020. Waliojiundia kompyuta wengi walikuta Windows 10 waliyoingiza haizitambui kabisa.

Hapo mtumiaji hujikuta kama mtu aliyefunga mlango na kuuacha ufunguo ndani. Draiva ipo kwenye intaneti, na intaneti haifikiki bila draiva. Windows 11 toleo la Home, iliyotoka mwaka 2021, iliongeza ugumu kwa kudai mtandao wakati wa kuingizwa, hata kabla mtumiaji hajaona meza yake ya kazi. Njia ya kujinasua ni rahisi kwa anayeijua. Draiva hupakuliwa kwa kompyuta nyingine kutoka kwa mtengenezaji wa ubao mama na kuletwa kwa flashi. Au simu huunganishwa kwa waya wa USB ikigawa mtandao wake, kwa kuwa Windows huja na draiva ya kuitambua simu ya namna hiyo kama kadi. Au huazimwa adapta ya mtandao ya USB ambayo mfumo unaifahamu.

Katika kisa cha shule yetu, adapta iliazimwa kutoka ofisi ya mhasibu. Ukurasa wa habari ukafunguka. Watu wakapiga makofi, mapema mno kama itakavyoonekana.

Namba ya kosa husomwa

Leseni ilikataa tena. Safari hii ilionekana namba: 0x80072F8F. Mara nyingi watu huiona namba ya aina hii kama mapambo ya bahati mbaya na kubofya ili iondoke. Ni makosa, kwani namba hiyo ni sentensi, na mwanafunzi wa hisabati anayejua vizio anaweza kuisoma.

Alama 0x hutangaza tu kwamba namba inayofuata ni ya kizio cha kumi na sita, ambamo A ni 10, B ni 11, hadi F ambayo ni 15. Nusu ya kwanza, 8007, husema kwamba kosa limetoka katika huduma za kawaida za Windows. Nusu ya pili ndiyo yenye habari. Katika 2F8F, tarakimu ya kwanza ina thamani ya 4,096 kila moja, ya pili 256, ya tatu 16, ya mwisho 1. Basi 2 mara 4,096 ni 8,192. F, yaani 15, mara 256 ni 3,840. 8 mara 16 ni 128. Na F ya mwisho ni 15. Jumla ni 12,175.

Makosa ya Windows yanayoanzia 12,000 na kuendelea kidogo ni ya sehemu inayoshughulika na mawasiliano ya intaneti. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza lolote lingine, mwalimu amekwisha kujua kwamba ufunguo wake haujakataliwa. Haujafika hata mlangoni. Mwenzake wa 12,175 ni 2EE7, ambayo kwa hesabu ile ile ni 12,007: jina la seva halikupatikana. 2EFD ni 12,029, kuunganishwa kumeshindikana. 2EE2 ni 12,002, muda wa kungoja umekwisha. Zote hizi ni habari za njia.

Namba zinazoanza na C004 ni za ukoo mwingine, kwa kuwa hutoka kwa walinzi wa leseni wenyewe. 0xC004C003, kwa mfano, hueleza kwamba seva imefikiwa, imeusoma ufunguo, na imeamua kwamba ufunguo huo umezuiwa. Hapo ndipo mwenye duka anapostahili kupigiwa simu. Hata hivyo ukoo huu nao una mtoto wake wa pembeni. Katika vyuo na ofisi zenye seva yao ya leseni, 0xC004F074 humaanisha kwamba seva hiyo haikupatikana; basi ni habari ya njia iliyovaa kanzu ya leseni. Mara nyingine chanzo chake ni saa tu, maana seva ya namna hiyo hukataa kuzungumza na kompyuta ambayo saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya saa 4.

Na saa ndiyo maana ya 12,175 katika visa vingi. Mawasiliano ya siri kati ya kompyuta na seva hutegemea cheti cha utambulisho, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani kwamba leo ni siku ya miaka kadhaa iliyopita huviona vyeti vyote vya leo kuwa havijaanza kazi, nayo hukatisha mazungumzo. Haifanyi kosa, inafanya alivyoagiza mwenye usalama. Katika ubao mama saa hiyo huendeshwa na betri ndogo ya duara, aghalabu CR2032 ya volti 3. Ubao uliokaa dukani muda mrefu unaweza kuwa na betri iliyochoka, na kila umeme unapokatika saa hurudi kwenye tarehe ya mwanzo iliyowekwa kiwandani.

Je, ukurasa wa habari ulifungukaje? Baadhi ya kurasa za zamani hazitumii mawasiliano ya siri, hivyo haziulizi tarehe. Kwa sababu hiyo "intaneti inafanya kazi" ni maelezo yasiyotosha kwa fundi, na mwalimu wa sayansi angemtaka aseme ni jaribio gani lililofanyika.

Kadi inayofanya kazi nusu

Iko hali ngumu zaidi ya kukosa draiva, nayo ni kuwa na draiva isiyofaa. Kifaa kimeorodheshwa, taa inapepesa, alama ya manjano haipo, lakini uidhinishaji haufiki mwisho.

Ukaguzi unapaswa kuanza chini na kupanda. Waya na taa kwanza. Kisha anwani ambayo kompyuta imepewa: ikiwa inaanza na 169.254, basi kompyuta haikupewa anwani na ruta bali imejibunia yake, na mazungumzo na ulimwengu wa nje hayajaanza. Ikiwa anwani ni ya kweli, lijaribiwe jina la seva yoyote ijulikanayo, kwa amri ya ping au nyingineyo. Kisha saa. Leseni ni ya mwisho kuguswa. Kwa bahati mbaya watu wengi huanza juu, kwa sababu ni huko ndiko ujumbe ulikoandikwa.

Katika ngazi hizo kuna mtego mmoja unaostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa humdanganya hata fundi mzoefu. Kila kifurushi cha data cha aina ya TCP hubeba jumla ya kuhakikisha, yaani namba inayopatikana kwa kuyajumlisha maneno yote yaliyomo kwa kanuni maalumu. Mpokeaji huijumlisha upya; hesabu zikitofautiana, hukitupa kifurushi kimya kimya. Zamani hesabu hii ilifanywa na prosesa. Kadi za kisasa huifanya zenyewe ili kumpunguzia prosesa mzigo, nayo draiva ndiyo inayoiambia kadi ni wapi pa kuiandika. Draiva ikiwa na kasoro, au ikiwa ni ya kadi inayofanana tu na hii, jumla huandikwa vibaya.

Matokeo yake ni ya ajabu. Fundi anatuma ping, na majibu yanarudi safi, kwa kuwa ping haitumii TCP. Anajaribu jina la seva, analipata. Lakini kila kitu kinachotumia TCP, na ombi la leseni likiwemo, hutupwa upande wa pili bila maelezo, hadi kompyuta ichoke kungoja na kuandika 12,002. Fundi huapa kwamba mtandao ni mzima na seva ya leseni ndiyo mbovu. Dawa ni kufungua sifa za kadi, kuizima kazi hiyo ya kujumlisha, na kujaribu tena. Uidhinishaji ukipita, mkosaji amejulikana, na kilichobaki ni kutafuta draiva sahihi kutoka kwa mtengenezaji.

Shahidi aliyebadili ushahidi

Hadi hapa kadi imechunguzwa kama njia. Sasa itazamwe kama shahidi.

Anwani ya kadi ya Ethernet ina biti 48, desturi iliyowekwa tangu mwaka 1980 wakati Xerox, Intel na Digital zilipochapisha kanuni za pamoja. Idadi ya anwani zinazowezekana inapita trilioni 281. Nusu ya kwanza, biti 24, hugawiwa watengenezaji na taasisi ya IEEE. Nusu ya pili kila mtengenezaji huigawa mwenyewe, kadi moja anwani moja. Ndiyo maana waandishi wa programu waliipenda: ilikuwa tayari, haikugharimu kitu, na ilisemekana haifanani na nyingine duniani.

Lakini programu haiiulizi kadi. Huuliza mfumo endeshi, mfumo humuuliza draiva, na draiva husoma inachokiona kwenye chipu, kisha husema. Anayeaminiwa kwa hakika ni draiva.

Yaliyozipata mbao mama zenye chipu za nForce za kampuni ya Nvidia ni mfano mzuri, kwani mbao hizo zilipendwa sana na wajiundiaji kompyuta miaka ya 2000. Mtengenezaji hakutoa nyaraka za kadi yake kwa watu wa Linux, hivyo kati ya 2003 na 2004 Manfred Spraul na wenzake waliandika draiva iitwayo forcedeth kwa kuchunguza tabia ya chipu kutoka nje. Waligundua kwamba chipu hizo huhifadhi anwani ya kadi kinyumenyume, baiti ya mwisho ikiwa ya kwanza. Draiva ikawa inaigeuza. Shida ilitokea pale anwani ilipokwisha kugeuzwa na kuachwa ndani ya chipu ikiwa sawa, kisha draiva ikapakiwa upya na kuigeuza mara ya pili.

Mwanafunzi anaweza kukisia kilichofuata. Katika baiti ya kwanza ya anwani, biti ndogo kuliko zote hueleza kama anwani ni ya kadi moja au ya kundi. Kadi haiwezi kuwa kundi, kwa hiyo baiti ya kwanza lazima iwe shufwa. Anwani ikipinduliwa, baiti iliyokuwa ya mwisho hukaa mbele. Ikiwa ni shufwa, draiva huikubali anwani isiyo ya kweli. Ikiwa ni witiri, draiva huiona anwani kuwa batili, humshauri mtumiaji akamlalamikie muuza maunzi, kisha hujibunia anwani yoyote kwa kubahatisha. Hiyo ya kubahatisha ilikuwa mpya kila kompyuta ilipowashwa. Linux, iliyokuwa imezoea kuandika kumbukumbu ya kila kadi, ilidhani imewekewa kadi mpya kila siku na kuipa jina jipya: eth1, eth2, eth3. Programu iliyoitegemea anwani ile ingeamka kila asubuhi katika nyumba ngeni.

Hata kompyuta yenye draiva nzuri inaweza kutoa ushahidi unaogeuka. Tuseme ina kadi mbili, moja ya ubaoni na moja ya kuchomeka. Linux ya zamani ilizipa majina kwa kufuata ipi imewahi kutambuliwa. Draiva moja ikichelewa kidogo tu, eth0 ya leo huwa eth1 ya kesho, na programu inayosoma anwani ya eth0 pekee hukubali siku moja na kukataa siku ya pili. Mwaka 2013 mradi wa systemd ulileta majina yanayotokana na mahali kadi ilipochomekwa, mfano enp3s0, ambayo hayayumbi. Tiba hiyo ikazaa maradhi mengine: programu za leseni zilizotafuta eth0 tu zikakuta haipo, zikatangaza kwamba kompyuta haina kadi kabisa.

Yapo pia mambo madogo yanayostahili kutajwa kwa kupita. Programu za mitandao ya siri na za kompyuta za kuigiza huongeza kadi zisizoshikika, ambazo zinaweza kutangulia kadi halisi kwenye orodha. Simu inayogawa mtandao kwa waya mara nyingi hutumia anwani iliyoibuni yenyewe. Adapta za USB za bei nafuu zimewahi kuuzwa zikiwa na anwani moja kwa zote, na trilioni 281 zile zikawa hazina faida yoyote. Na draiva nyingi humruhusu mtumiaji kuandika anwani aitakayo. Atumiaye nafasi hiyo ili leseni moja ihudumie kompyuta kumi anavunja mkataba, lakini kuwapo kwa nafasi hiyo kunaonyesha udhaifu wa kumfanya shahidi huyu kuwa wa pekee.

Adapta ya mhasibu

Siku ile shuleni, saa ilirekebishwa, betri ikabadilishwa, na Windows ikaidhinishwa kwa ufunguo ule ule uliodhaniwa kuwa bandia. Kwa furaha, na kwa kuwa muda ulikuwa umebaki, fundi akaingiza pia programu ya kuchorea michoro ya ufundi ambayo shule ilikuwa imeilipia. Ikaidhinishwa mara moja. Draiva ya kadi ya ubaoni haikuingizwa, maana adapta ilikuwa ikifanya kazi.

Baada ya wiki moja mhasibu alidai adapta yake. Programu ya michoro ikafunguka, ikatazama, ikatangaza kwamba leseni yake ni ya kompyuta nyingine. Kwa mujibu wa alichoambiwa na draiva, ilikuwa inasema kweli: anwani iliyoandikwa kwenye leseni ilikuwa sasa kwenye dawati la mhasibu.

Uchunguzi wa safari hii ulichukua dakika chache. Amri ya getmac ilionyesha anwani zilizopo, zikalinganishwa na ile iliyokuwa kwenye faili ya leseni. Baiti tatu za mwanzo pekee zilitosha kuonyesha kwamba mtengenezaji ni mwingine. Adapta ikaazimwa tena kwa saa moja. Leseni ikarudishwa kwa seva kwa njia ya kawaida iliyomo ndani ya programu, draiva ya ubaoni ikaletwa kwa flashi kutoka kompyuta ya jirani, adapta ikachomolewa, na leseni ikaombwa upya kwa anwani ya kadi iliyofungwa kwenye ubao wenyewe. Mwalimu akaziandika anwani za kompyuta zote sita kwenye daftari la chumba, kila moja na tarehe ya betri yake. Mhasibu alirudishiwa adapta kabla ya saa ya chakula.